Magamba Kwenye Koti Jeusi

Jumatatu, 4 Machi
Dhuluma! Bosi anatafuta msimamizi wa duka lake la pili la suti. Mpimaji bora hapa ni mimi, hilo halina mjadala. Lakini leo nilipoinama kumpima bwana harusi, magamba meupe yalidondoka kutoka kichwani mwangu yakatua kwenye koti lake jeusi. Mpiga pasi wetu wa dukani akaja mbio na brashi, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Nani kamtuma? Anaitaka nafasi ile, mnafiki mkubwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata ufumbuzi. Kila anayetaka suti nyeusi namwambia nyeusi imepitwa na wakati, wenye heshima zao wanavaa kijivu. Kwenye kijivu magamba hayaonekani! Wawili wamekubali. Wa tatu alikuwa anakwenda kuzika. Kaondoka akifoka, na bosi kaniuliza kama nina akili timamu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeyakwangua magamba kwa rula ya chuma. Damu! Dada yangu ninayeishi naye kanikokota hadi kwa daktari wa ngozi. Daktari kasema si mba wala uchafu, ni soriasisi: kinga ya mwili imekosea, ngozi inaota haraka kupita kiasi. Haiambukizi. Haiishi kabisa, ila hutulizwa. Nilainishe magamba kwa mafuta, nisikwangue, dawa nipake kwenye ngozi ya kichwa, nisiache bila kumuuliza. Eti na hasira nipunguze. Hasira! Mimi!

Jumamosi, 9 Machi
Mpiga pasi hataki kofia yangu ikae karibu na yake. Nimemfokea mbele ya wateja kwamba soriasisi haiambukizi, na kwamba ujinga wake ni wa kiwango cha juu. Kichwa bado kinawasha. Dada kachungulia, kacheka mpaka kakaa chini: dawa yote imeishia kwenye nywele, ngozi haijaonja hata tone. Sasa ananigawa nywele mstari kwa mstari na kunipaka mwenyewe, kama mtoto. Fedheha tupu.

Ijumaa, 29 Machi
Kichwa safi! Bosi kanipa duka jipya, na mpiga pasi kawekwa awe msaidizi wangu. Nimepona kwa juhudi zangu, kwa hiyo dawa nimeitupa. Dada kapiga kelele, nimemwachia chumba.
Jioni nimeona baka jekundu kwenye kiwiko, lina magamba. Sihitaji daktari kunieleza. Viwiko hivi naviegemeza wapi kutwa? Kwenye meza ya mpiga pasi! Kaniambukiza, mshenzi yule. Kesho namshtaki kwa bosi.