142857 Yaenda Kuposa

Jumatatu, 5 Februari 1962

Nimeipata! Namba itakayonipa Angèle. 142857. Izidishe kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Tarakimu zilezile sita, zinazunguka tu kama wachezaji kwenye duara! Nne, tano, sita: vilevile. Nimezidisha mchana kutwa humu stoo ya vyombo, hapa Panda, mafundi wakigonga dirisha wakitaka spana. Wangoje. Baba Germain, baba yake Angèle, amesema anataka mkwe mwenye akili. Mpinzani wangu Urbain wa Kambove ana akodioni tu. Katanga ina bendera yake na stempu zake. Mimi nina namba yangu!

Alhamisi, 8 Februari

Tatizo. Kwa desturi ya kwao mposaji hafungui mdomo. Mshenga ndiye husema. Mshenga wangu ni binamu yangu Théodore, ambaye hata kuhesabu kuku humtoa jasho. Nimemkaririsha jibu moja moja mpaka sita. Amelalamika kwamba babu zetu waliposa bila hesabu. Nimemjibu kwamba babu zetu hawakuwa na Urbain. Ataapa pia kwamba tarakimu hizo ni ndugu sita wasioachana kamwe, kama mimi na Angèle. Maneno matamu! Nimeyatunga mwenyewe.

Jumapili, 11 Februari

Balaa. Mwanzoni raha tupu. Kuku wangu akapokelewa, munkoyo ikamiminwa vikombeni, Théodore akafika sita bila kosa, akaapa. Baba Germain, penseli mkononi, akahakiki kila jibu. Nusura nilie kwa furaha. Ndipo shangazi yake Angèle, Mama Adrienne, akauliza: "Na saba je?"

Saba! Nani angejaribu saba, na tarakimu zenyewe ni sita? Mzee akazidisha. 999999. Ndugu wote wametoweka! Théodore akaniangalia mimi. Nikaruka kitini nikapiga kelele kwamba penseli imekosea.

Mposaji amesema! Posa imevunjika, kuku amekwenda bure. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Angèle alikuwa akicheka mlangoni mwa jiko, machozi yanamtoka. Akasema: "Habakupotea! Bamevaa kikwembe moja, banaenda ku ndoa!" Tisa sita, kitenge sare cha harusi! Hata Baba Germain akacheka. Akaagiza turudi Jumapili ijayo, na kuku mwingine.

Jumanne, 13 Februari

Nimekutana na Angèle bombani. Amenisihi nije na kuku, nifunge mdomo, na nisilete namba yoyote. Baba yake amekwisha kukubali, kilichobaki ni desturi tu. Nimerudi nyumbani nikiimba, mvua yote ikinimwagikia kichwani.

Kuku peke yake! Maskini, hajui ninachomwandalia. 12345679, bila nane. Izidishe kwa tisa: 111111111! Kwa kumi na nane: 222222222! Kikwembe kimoja tangu mwanzo, kama apendavyo mwenyewe. Théodore amegoma, lakini nitamlainisha na samaki wa ziwa la Tshangalele.

Kwa saba sijaijaribu. Lakini nani atauliza saba mara mbili?