Raketi ya Chuma na Radi ya Nyamira

Jumapili, 4 Agosti 1974

Siku mbaya. Ondieki wa ofisi ya ushirika amerudi kutoka Nairobi na raketi ya chuma. Chuma kitupu! Inang'aa kama sufuria ya harusi. Wanachama wote wa klabu ya tenisi waliizunguka, kila mmoja anaomba kuishika kidogo tu. Mimi sikuomba. Nilisimama kando na raketi yangu ya mbao, niliyoachiwa na D.O., yule mtawala Mzungu, alipofunga virago mwaka wa sitini na tatu. Naitunza vizuri. Inalala ndani ya kibanio chake chenye skrubu nne ili isipinde, chini ya godoro, upande wa Kemuma. Kemuma ni mke wangu. Analalamika kuhusu mgongo. Ni baridi tu ya Nyamira.

Jambo lenyewe ni hili. Ukutani mwa klabu kuna ubao wenye majina ya mabingwa kwa rangi ya dhahabu, tangu 1938. Wazungu watupu. Tangu waondoke hakuna aliyeongezwa. Sasa Mwalimu Joash, mwenyekiti wetu, amepata kopo la rangi ya dhahabu. Fainali ni tarehe 18. Mshindi ataandikwa, Mgusii wa kwanza katika ubao ule, kisha ataongoza timu yetu dhidi ya Kericho. Nimepima nafasi iliyobaki kwa rula. "Abner Ombati" linaenea, na linabakisha kidogo.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimepata! Akili yangu hii wakati mwingine inanitisha.

Hapa kwetu mvua hunyesha kila siku saa tisa, na ngurumo zake. Kila mtu ana ng'ombe, mti au mjomba aliyepigwa na radi. Na radi inapenda nini? Chuma! Kwa hiyo nilimwendea Esnah, mama anayepika chai ya klabu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wataalamu wamegundua raketi ya chuma huita radi kutoka maili tano. Nikamwomba iwe siri. Akaapa mara mbili. Nikaondoka nikipiga mluzi, maana Esnah akiapa mara mbili, habari hufika Kisii mjini kabla ya giza.

Alhamisi, 8 Agosti

Habari zimefika. Zimepita hata Kisii mjini. Mwuza mitumba wa Nyaramba amenieleza mimi mwenyewe, na sasa ni maili kumi.

Lakini. Leo Makori alikuwa acheze na Ondieki katika robo fainali. Makori ana mkono mzito, angemtoa jasho. Saa tisa kasoro, ngurumo moja, mbali kabisa, upande wa Manga. Makori akamtazama Ondieki na ile chuma yake, akatupa raketi, akakata mbio katikati ya majani ya chai ya watu. Mwalimu Joash akafungua kitabu cha sheria, akavaa miwani, akasoma: anayetoka uwanjani bila ruhusa ameshindwa. Ondieki yuko nusu fainali. Ushindi wa bwerere!

Sikuwa nimefikiria upande huo. Hata hivyo mpango wenyewe ni mzuri, watu ndio wabaya.

Jumamosi, 10 Agosti (Sabato)

Kanisani shemasi aliwaombea "wote wanaoshika vyuma." Niliitikia amina kwa sauti kubwa ili nisishukiwe. Akina mama walimbana baada ya ibada wakitaka kujua kama majembe nayo yamo. Akasema atauliza.

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa inamwagika. Nje, uani, nikakuta majembe, panga, sufuria zote tatu, pasi, na baiskeli yangu. Nikamwuliza Kemuma ana nini. Akasema hawezi kulala na vyuma ndani wakati Nyaboke wetu bado mdogo, na kwamba habari hizi zimetoka kwa mtu mmoja msomi sana wa klabuni. Nikamwuliza msomi gani. Akasema Esnah amekataa kumtaja, ameapa.

Ningesema nini? Baiskeli imelala mvuani. Kiti chake cha ngozi kimevimba kama andazi. Lakini ile "msomi sana" nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Jumapili, 11 Agosti

Ondieki yuko fainali bila kupiga hata mpira mmoja! Cleophas, mpinzani wake wa leo, alileta barua badala ya raketi. Mkewe amemkataza. Mimi? Mimi nilicheza saa mbili na nusu na karani wa posta mwenye mikono mirefu, nikamshinda, kisha misuli ya mguu ikakaza nikabebwa na watu wawili hadi kwenye benchi. Nilibebwa kishujaa. Mbao oyee!

Nikiwa pale benchini Ondieki akaja, mnyonge kabisa. Akasema wiki nzima hakuna anayekubali kufanya mazoezi naye, na kwao hata chai anapewa akiwa mlangoni. Akaniuliza kama ningeweza kumwazima ile yangu ya mbao hadi fainali iishe, watu wapate kumkaribia. Yeye angeniachia ya chuma.

Nilikuna kidevu. Nikaguna. Nikajifanya ni mzigo mkubwa. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma! Alinishukuru kwa mikono miwili, maskini. Amenikabidhi silaha na bado ananiita ndugu.

Jumatatu, 12 Agosti

Niliamka alfajiri kuijaribu kabla mtu hajaniona. Niandike ukweli, maana daftari hili ni langu.

Ya mbao, mpira ukifika kwenye nyuzi unatua. Unakaa kidogo, kama mgeni aliyepewa kiti, halafu ndio unaondoka, nawe umeshajua unakwenda wapi. Sauti yake ni po. Nzito, ya heshima. Ya chuma, mpira haukai. Ting! Umeshavuka wavu, umevuka mstari, umevuka ua, uko kwa jirani, Mzee Ombui, kwenye chai yake. Na ule mtetemo! Unaanza kiganjani, unapanda kiwiko, unamalizikia katika lile jino langu bovu. Tena ni nyepesi mno. Miaka kumi na mmoja mkono wangu umezoea uzito, leo unafika kabla mpira haujafika. Nilipiga hewa mara nne.

Mipira saba kwa Mzee Ombui. Wachuma chai wamenirudishia mitatu na maneno mengi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeivumbua! Ya mbao unaisukuma, kama jembe kwenye udongo mzito. Bega lote linafanya kazi. Ya chuma hutakiwi kuisukuma. Iache! Shika kwa ulegevu, itupe tu mbele ya mpira, yenyewe inajua. Ila lazima mpira upige katikati kabisa. Ukipata pale katikati, ah, mwili mzima unafurahi, huhisi kitu, mpira unakwenda kama umetumwa na serikali. Ukikosa kwa upana wa kidole, jino.

Sitaki tena ile ya mbao. Nimesema. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nasukuma mkokoteni.

Ajabu ni kwamba Ondieki naye anaisifu ya mbao mpaka anachosha. Anasema inamsikiliza. Anasema ya chuma ilikuwa kama kuzungumza na mtu mwenye haraka, hii inamngoja amalize sentensi. Nilimwona akiudondosha mpira nyuma tu ya wavu, taratibu, ukafia pale pale. Sijawahi kufanya hivyo na raketi ileile! Nimeudhika kidogo.

Ameichukua kwake pamoja na kibanio. Kemuma anasema mgongo umepona kabisa. Nimemweleza kwamba baridi imepungua.

Jumapili, 18 Agosti

Lazima niandike leo leo.

Watu wote walikuwepo. Seti moja tu, kwa sababu ya mvua. Kemuma alikaa mbele na Nyaboke mapajani. Ondieki alianza vizuri, po, po, po, ananikimbiza huku na huku kama kuku. Mimi, ting, mmoja ndani, ting, mmoja kwa Mzee Ombui. Tano kwa tatu, anaongoza yeye. Amebakisha gemu moja tu! Nikautazama ubao kupitia dirishani. Nikaona nafasi yangu pale chini. Baba yangu alifagia klabu ile miaka tisa. Aliupangusa ubao ule kila Ijumaa na hakujua kusoma hata jina moja.

Hapo manyunyu yakaanza. Na manyunyu, hee! Nyuzi za ile ya mbao ni za utumbo wa kondoo, zikilowa zinalegea. Zangu ni nailoni. Po yake ikawa pwa. Mpira ukawa unafika wavuni umechoka. Tano kwa nne. Tano kwa tano! Nilitamani mvua inyeshe zaidi.

Ndipo ngurumo. Manga tena.

Watazamaji wote wakasimama wakipiga kelele niitupe chuma. Esnah alikuwa ameshaingia chini ya meza. Mwalimu Joash akaja na kitabu chake, akaniambia kwa huruma kwamba nina ruhusa ya kuweka raketi chini na kuokoa maisha yangu, ila kwa sheria ileile iliyotumika kwa Makori, Ondieki atakuwa bingwa.

Nilimtazama. Nikautazama ubao. Nikapaza sauti. Nikawaambia wote kwamba chuma cha raketi hakijawahi kuita radi, kwamba hakuna mtaalamu, kwamba habari ile niliitunga mimi Abner mwana wa Ombati, siku ya Jumatatu tarehe tano, kwa sababu ya wivu.

Esnah akatoka chini ya meza akauliza kwa nini basi sufuria zake zimelala nje siku kumi na mbili. Makori akauliza juu ya mbio zake. Kemuma hakuuliza kitu. Alifungua mwavuli, akanitazama tu, na nilipendelea maswali ya Esnah.

Ondieki angeweza kukataa kuendelea na mwongo. Alicheka mpaka akashika magoti, akasema tumalize.

Saba kwa tano. Mimi! Pointi ya mwisho iligonga katikati kabisa, sikuhisi kitu mkononi, niliona tu chokaa ya mstari ikiruka. Nililia mbele za watu. Mvua ilinisaidia, hawakuona.

Kisha Ondieki akaifuta ile ya mbao kwa shati lake mwenyewe, akaibana kwenye kibanio, akasema nyuzi ni za kubadilisha tu, fremu itapona, na kama sina neno, tubadilishane moja kwa moja. Sikuwa na neno.

Jumatano, 21 Agosti

LIMEANDIKWA. Abner Ombati, 1974. Nililitazama kutoka mlangoni, kutoka dirishani, na kutoka uwanjani nikiwa nimelala chini. Linasomeka pote. Nilimleta Kemuma. Akasema limeinama kidogo upande wa kulia. Halafu akalipangusa vumbi kwa leso yake, polepole.

Ijumaa, 23 Agosti

Habari kutoka Kericho. Kiongozi wao anatumia raketi ya mbao, ana miaka ishirini na mbili tangu aanze kuitumia, na hajashindwa msimu huu. Mbao!

Mbao ina adui gani? Bungua, yule mdudu anayetoboa mbao! Bungua mmoja tu ndani ya raketi ya mbao, nasikia, huruka kwenda kwenye mbao nyingine zote zilizo karibu: viti, milango, vitanda. Nasikia kwa sababu nimesema. Esnah haniamini tena, kwa hiyo nimemwambia Cleophas amwambie. Hii si kama ile ya radi. Ile ilikuwa na kasoro ndogo.

Jumanne, 27 Agosti

Wiki ya ushindi, kwa jumla.

Bungua wameenea vizuri sana. Ondieki tena hana wa kucheza naye, maskini. Lakini jana Mwalimu Joash, mtu wa tahadhari, alikagua mbao zote za klabu na miwani yake. Akaona katundu kadogo kando ya 1938. Leo asubuhi ubao umeteremshwa, ukapasuliwa kwa shoka nyuma ya jiko, kabla haujaambukiza paa. Nilifika mbio, nikakuta Esnah ameshachochea moto. Jina langu limechemsha chai ya watu thelathini. Na mimi Msabato, chai sinywi.

Nilikaa kwenye benchi nusu saa.

Lakini Mwalimu akaita mkutano palepale. Likapendekezwa bati. Wanachama wakakataa kukaa chini ya bati ukutani, wakasema hata kama Abner alitunga, mtu hawezi kujua. Ndipo Makori akasimama akasema: jiwe. Jiwe la sabuni, lile laini la kuchongwa, kutoka Tabaka! Majina yote yachongwe upya, langu likiwemo. Tumepiga kura, wote mikono juu. Mchongaji anaanza Jumatatu. Jiwe halina bungua, haliiti radi. Jina la baba yangu litakaa pale mpaka Yesu arudi, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema neno baya juu ya jiwe.

Tena nimepata habari nyingine kutoka Kericho. Kiwanja chao si cha udongo mwekundu wa murram kama chetu, kimejengwa kwa mawe yaliyopondwa, na ndio siri ya ushindi wao. Wangekiogopa tu kidogo, mechi ingehamia hapa kwetu. Jioni hii nimemwambia Cleophas, kwa siri kabisa, kwamba mtu akikaa karibu na jiwe, baridi yake humwingia kwenye magoti na haitoki. Ameapa mara mbili.