Azimio la Chini

Kwa niaba ya Idara ya Burudani ya Watumishi, ninayo heshima kuujulisha umma kwamba mashine ya gemu iliyopo chumba cha mapumziko, ghorofa ya pili, haikuharibika. Ilisasishwa. Wanaosema iliharibika ni wale wale wanaosema lifti yetu imekufa, ilhali lifti imepumzishwa.

Naandika haya nikiwa Msaidizi Maalumu wa Mkurugenzi, mtu aliyekuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na ambaye sifa zake zimechafuliwa sana kwenye korido.

Mashine hiyo iliingia ofisini kwa jina la Mtambo wa Kunoa Fikra za Uongozi. Ndani yake mlikuwa na gemu ya mpira wa miguu, na kila siku baada ya chakula cha mchana Mkurugenzi na mimi tulinoa fikra. Yeye alishinda. Kumfanya ashinde ndiyo ilikuwa kazi yangu, na watu wasiidharau. Mjinga yeyote anaweza kushindwa. Lakini kushindwa mpaka bosi aamini kwamba ulikuwa unajitahidi, hiyo ni taaluma. Unampokonya mpira kidogo. Unagonga mwamba. Unasema, "Ah, bosi, leo ulikuwa mikononi mwangu," halafu unatikisa kichwa kama mtu aliyepishana na bahati mlangoni. Kwa taaluma hiyo nilipanda cheo mara mbili, na cha tatu nilikuwa nakisikia harufu.

Jumatatu moja mashine ikatutangazia kwamba ipo programu mpya. Mkurugenzi huamini kwamba kitu chochote kipya kimetumwa kwake binafsi.

"Sasisha," akasema. "Idara hii haiwezi kuachwa nyuma na dunia."

Nikasasisha. Mashine ilijifungia kazini mpaka chai ya jioni, na ilipozinduka ilikuwa inaongea Kiswahili. Tulijisikia fahari. Kwenye televisheni yake yakatokea maneno makubwa kama ya bango la barabarani: AZIMIO LA PICHA LIMEBADILISHWA. AZIMIO LA SASA: LA CHINI. KUBADILISHA AZIMIO, BONYEZA KITUFE CHA MBELE YA MASHINE.

Maneno yakaondoka, mpira ukaanza. Sijui niseme nini kuhusu picha ile. Ilikuwa imevimba mpaka ikamwagika nje ya kioo, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Juu imekatwa, chini imekatwa. Wachezaji walikuwa madonge ya rangi. Palikuwa na kitu cheupe ambacho ama kilikuwa mpira, ama alama ya kidole cha mfagiaji.

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Mkurugenzi akaudaka hewani.

"Unataka kufanya nini?"

"Kubadilisha azimio, bosi. Yaani ung'avu wa picha."

"Tangu lini azimio likabadilishwa na mtu mmoja? Azimio hupitishwa na kikao."

Nikaurudisha mkono. Kitaratibu alikuwa sahihi.

"Na hili la chini," akaendelea, akiikodolea macho televisheni, "nani alilipitisha bila mimi kuwepo?"

Nilimwambia nitalifuatilia. Tukacheza hivyo hivyo, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kushindwa kwa heshima kunahitaji picha safi. Sikujua wangu ni yupi na wake ni yupi. Kabla sijajiweka sawa, mtangazaji wa ndani ya mashine akapiga kelele za goli, na tarakimu zikatokea katikati ya kioo: moja kwa bila, mimi naongoza. Nikaomba radhi. Likaingia la pili. Nikakilaza kidhibiti mapajani, yaani ile padi ya kuchezea. Likaingia la tatu. Nikaiweka padi mezani, nikakalia mikono yangu miwili. La nne liliingia nikiwa natazama dirishani, nahesabu njiwa.

Nilielewa basi kwamba kipaji changu kilikuwa kimenizidi nguvu.

Mkurugenzi aliweka padi yake chini. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanifichia."

"Hapana, bosi. Ni azimio."

"Azimio," akasema, kama mtu anayetajiwa jina la mwizi wake.

Nyumbani mke wangu aliona chai inapoa mbele yangu. "Baba watoto, kuna nini?"

"Nimemfunga bosi."

"Umemfunga? Kamba?"

"Mabao. Manne."

Akaketi. Mke wangu ameolewa na utumishi wa umma, anaelewa uzito wa mambo. "Kesho jifungishe," akasema.

"Siwaoni wachezaji, mama. Wote ni madonge."

Akavua miwani yake ya kusomea, akanivalisha mwenyewe. Kesho yake nilicheza nikiwa nimevaa miwani ya maua pembeni. Nilishinda kwa mabao matano, na kichwa kikaniuma mpaka jioni.

Hapo Mkurugenzi akaitisha kikao cha dharura. Alikuwepo Mhasibu, alikuwepo Afisa Usafiri, na Mama Masjala, mtunza kumbukumbu wetu, akiandika mwenendo wa kikao. Hoja ilikuwa moja: kuipandisha idara kutoka azimio la chini.

Mhasibu alipendekeza azimio la kati, tusije tukaonekana tuna makuu. Afisa Usafiri aliuliza kama azimio la juu litakula mafuta. Akajibiwa kwamba utafiti bado.

"Samahani, Mwenyekiti," akasema Mama Masjala. "Hapa niandike tumepitisha azimio, au tumeazimia kupitisha azimio?"

"Andika yote mawili, Mama. Moja likikataa, jingine litatuokoa."

"Lakini si ni kitufe tu?" akauliza Afisa Usafiri. "Kile pale mbele. Si mtu ananyoosha mkono?"

Kikao kilimhurumia. "Ndugu yangu," Mkurugenzi akamwambia kwa upole, "usilete mambo ya vidole kwenye mambo ya sera."

Tukapitisha azimio la juu kwa kauli moja. Lakini tulipokuwa tunajipongeza, Mhasibu akakumbusha kwamba jambo la juu huidhinishwa na wa juu. Ikabidi aalikwe Katibu Mkuu.

Katibu Mkuu alikubali upesi kuliko tulivyozoea, na sababu zilijulikana jengo zima. Alikuwa karibu kumteua mkuu wa Mamlaka mpya ya Burudani ya Umma, cheo chenye gari, bendera na ofisi yenye choo chake ndani. Tena alikuwa mpenzi wa gemu, na hakuna mtu aliyewahi kumfunga. Akatuma neno kwamba atacheza kwanza na Mkurugenzi, kisha ndipo aidhinishe.

Siku moja kabla ya ugeni huo Mkurugenzi aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni. Hakuwahi kukikalia.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini, bosi?"

Akatazama sakafu. "Ile kazi yako."

Sitaficha: nilijinyoosha tai. Miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kuitambua taaluma yangu. Nikamfundisha kwa moyo wote. Nikamfundisha kupumua kwa uchungu. Nikamfundisha kutikisa kichwa taratibu, siyo kama anayefukuza nzi. Ile kauli ya "leo ulikuwa mikononi mwangu" aliirudia mbele ya kioo cha kabati mpaka ikamkaa mdomoni. Wakati wa kutoka alinipa mkono.

Katibu Mkuu alifika na dereva wake aliyembebea mto wa kukalia. Akaketi, akavua koti, akachukua padi. Mchezo ulikuwa mkali. Wakubwa wawili walibonyeza vitufe mpaka mashati yakawaganda migongoni. Mbele yetu madonge yalipishana kwenye ukungu, na kila mara mtangazaji alipopiga kelele tulisubiri tarakimu zitokee ndipo tujue tushangilie nini. Bahati ilikuwa upande wetu: Katibu Mkuu alishinda tano bila.

"Mheshimiwa, lile la tatu ulilipata wapi?" akauliza Mhasibu.

"Niliona upenyo," akasema Katibu Mkuu, akijifuta jasho. Katika chumba kile hakuna aliyekuwa ameona hata goli lenyewe. "Uongozi ndio huo. Kuona pale ambapo wengine wanaona ukungu."

Tukapiga makofi. Mkurugenzi akatikisa kichwa taratibu, sawasawa nilivyomwelekeza. Katibu Mkuu alimshika bega, akasema mtu anayejua kushindwa kiungwana ndiye anayefaa kupewa Mamlaka. Macho ya Mkurugenzi yakalowa. Yangu pia.

"Na azimio la juu nimeridhia," akaongeza mgeni wetu. "Liwekwe sasa hivi, nataka watu waone vizuri ninavyocheza."

Nikanyoosha mkono, safari hii kwa kibali, nikabonyeza.

Picha ikajikusanya, ikaingia ndani ya kioo chote, ikatulia. Lo, jamani. Majani ya uwanja yalionekana moja moja. Kamba za viatu zilionekana. Na chini kabisa, pale ambapo siku zote picha ilikuwa imemwagikia nje, palikuwa na mstari wa maandishi safi: HAYA NI MAONYESHO. MASHINE INACHEZA YENYEWE. VIDHIBITI HAVIJAUNGANISHWA. KUUNGANISHA, BONYEZA KITUFE CHA KATI.

Tulisoma wote. Wengine walisoma mara mbili. Katibu Mkuu alikuwa na glasi ya maji mkono mmoja na leso mkono wa pili, padi ikiwa imelala kwenye mto, na papo hapo timu yake ikafunga bao jingine. Mtangazaji akashangilia peke yake.

"Hili," akasema Mama Masjala, kalamu ikiwa tayari, "niandike ni la nani?"

"La Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi upesi.

Katibu Mkuu akaweka glasi chini. "Unganisheni," akasema. "Tuanze upya."

Wakabonyeza vitufe vya kati vya padi zao, mstari ukafutika, mchezo mpya ukaanza bila kwa bila, kwenye azimio la juu, mlango wazi. Habari zilikuwa zimeshashuka ngazi zikapanda tena. Watumishi walijaa mpaka korido.

Ndipo ikaonekana kwamba mtu aliyeachiwa kushinda maisha yake yote hajui kucheza. Wachezaji wa Katibu Mkuu walisimama kama wanangoja zamu iishe. Mmoja alizunguka kibendera cha kona, akazunguka tena.

"Kitufe cha kupiga ni kipi?" Mkurugenzi akaninong'oneza.

"Cha chini, bosi."

Akapiga nje. Katibu Mkuu akapata mpira, na sote tukamwona, kwa ung'avu wa ajabu, akikimbia nao kwa kasi kubwa kuelekea golini kwake. Akampita kipa wake. Akafunga.

Mkurugenzi akazitazama tarakimu. Alikuwa anaongoza dhidi ya mtu anayetoa vyeo. Bila kungoja akageuza mpira, akaukokota hadi golini kwake mwenyewe, akasawazisha.

"Unanihurumia?" akauliza Katibu Mkuu.

Mkurugenzi akatoa lile lililokuwa limemkaa mdomoni. "Ah, Mheshimiwa. Leo ulikuwa mikononi mwangu."

Katibu Mkuu alikunja uso. Akashambulia kwa hasira, na hasira haina dira: akajifunga tena. Mkurugenzi akamlipa haraka. Hivyo ndivyo walivyoendelea, mmoja akijifunga kwa kutojua na mwenzake akijifunga kwa heshima, mpaka kipenga kikalia tatu kwa tatu, na hakuna aliyegusa lango la mwenzake. Hakuna mtumishi aliyecheka. Sisi tumefunzwa. Ila korido nzima ilishikwa na kikohozi ambacho sijawahi kukisikia hata msimu wa baridi.

Katibu Mkuu alivaa koti. Alisema uteuzi wa Mamlaka umesitishwa, kwa kuwa azimio la juu limeonyesha mambo ambayo bado hayajafanyiwa uchambuzi. Akaniagiza nitoe taarifa kwa umma, iwe ya kweli na isimwaibishe mtu.

Sikuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo, na naona niliimudu. Niliandika: "Katika mchezo wa kirafiki uliofanyika leo, viongozi wetu walifunga mabao sita, kila mmoja kwa juhudi zake binafsi, bila kupata msaada wowote kutoka kwa mpinzani." Nikaibandika ubaoni, karibu na lango la jengo.

Dereva wa Katibu Mkuu alikuwa wa kwanza kuisoma, mto ukiwa kwapani, mkuu wake akiwa amesimama nyuma yake anangoja kufunguliwa mlango wa gari. Aliisoma polepole mpaka mwisho, akanigeukia.

"Samahani, ndugu," akasema. "Sasa hapa aliyefungwa ni nani?"

Nikamjulisha kwamba swali lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.