Kompyuta Yangu Inaniita King

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanza maisha mapya. Chanzo ni Besi, jirani mwenye studio ng'ambo ya barabara. Ametundika kibao cha taa chenye jina lake. Nimekitazama dirishani nikiwa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Kibao sina. Jina ninalo: King'ora. Alinipa Mama, maana nilipokuwa mchanga nikilia mtaa mzima ulijua. Sasa ndilo jina langu la kazi. Ila kompyuta yangu kila ikiwaka ilikuwa inaandika "Nyumbani". Prodyuza gani anapokewa na neno Nyumbani? Nimefungua akaunti mpya kwa jina la King'ora, pamoja na ritifaa yake, kile kialama kinachokaa juu baada ya ng. Faili zangu zote nikazihamishia humo. Akaunti ya zamani nikaifuta. Na kwa vile nyumba mpya haihamiwi na masufuria meusi, nikaifuta pia programu ya kutengenezea muziki ili niiweke upya, iwe safi, iende kasi.

Dada akapiga simu kuulizia wimbo. Anaolewa Jumamosi. Bibi yetu, aliyemlea, magoti yamegoma na safari haiwezi, lakini alipokuja mwezi uliopita nilimrekodi jikoni akiimba beti zake. Dada ataingia ukumbini na sauti hiyo. Anasema bila Bibi atajiona anaolewa nusu. Nikamwambia wimbo umeiva, bado kuusafisha kidogo tu. Faili lipo, salama kabisa. Linafunguka kwa programu ile ile niliyoifuta, basi. Nitakuwa nimeirudisha kabla ya chai ya jioni.

Jumanne, 5 Mei

Chai ya jioni imepita. Na ya asubuhi.

Programu inapakuliwa vizuri, inajiweka vizuri, ule mstari wa kijani unatambaa mpaka karibu na mwisho, kisha unasimama. Halafu unatokea ujumbe. Mwanzoni nilikasirika. Nikausoma tena. Unasema: folda ya "King" haipatikani.

King! Sikumwambia mtu aniite hivyo. Kompyuta yenyewe imepima kazi zangu ikaona King'ora ni jina dogo. Kuheshimiwa na mashine si jambo la kila siku.

Nimezima, nikawasha. Nimefuta, nikaweka. Nimezima mtandao, nikauwasha, nikahamisha kompyuta karibu na dirisha. Kila mara inasimama palepale na kila mara inaniita King. Nikamwambia Mama. Akauliza kama huyo King anaweza kwenda kumwaga taka, maana ndoo imejaa. Nikaenda. Niliporudi akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, nijikague mwenyewe kwanza. Nimelifikiria sana neno hili. Kwa maoni yangu anamsema Besi, ingawa Besi hayupo nguoni mwangu, yupo ng'ambo ya barabara.

Vinginevyo siku ilikuwa nzuri. Mama alipika vizuri.

Jumatano, 6 Mei

Nimeenda kwa fundi wa kompyuta, pale dukani kwenye vioo vya simu vilivyopasuka. Kwa akili. Prodyuza akionekana ameshindwa na programu yake mwenyewe, habari zitamfikia Besi kabla sijafika nyumbani. Kwa hiyo nikasema kompyuta ni ya rafiki yangu. Na ili fundi asiijue ni ya nani, nikabandika plasta ya kidonda kwenye kioo, pale pembeni panapoandikwa jina.

Fundi akauliza plasta ni ya nini. Nikasema kioo kina ufa mdogo. Akauliza kama rafiki yangu amebadilisha chochote karibuni, kwa mfano akaunti. Nikasema hapana, rafiki yangu ni mtu aliyetulia. Akauliza huyu King ni nani. Nikasema ndiyo heshima yake. Fundi akakuna kidevu, akasema kama mashine inatafuta folda ya King na haipo, basi rafiki aitengeneze, aone. Asipofaulu amlete mwenyewe, waulizane ana kwa ana.

Nimerudi mbio. Nikatengeneza folda, nikaiita King. Mstari wa kijani ukapita pale ulipokuwa unakwama! Nikamwita Mama aje ashuhudie. Mama akaja na mwiko mkononi. Ukatokea ujumbe mpya: folda ya King ni tupu.

Mama akasema hiyo mashine ina macho. Akarudi jikoni.

Dada kapiga tena. Nimemwambia bado kidogo tu. Akasema ananiamini. Heri angenitukana. Nimeshindwa hata kumalizia ndizi yangu, na mimi ndizi huwa siachi.

Alhamisi, 7 Mei

Mipango miwili leo, yote mizito.

Wa kwanza: Bibi aimbe upya kwa simu, nami nirekodi kwa simu nyingine. Nikampigia. Nikamweleza taratibu. Akasema aliimba jikoni, watu walikuwepo, sufuria zilikuwepo, yeye si redio ya kuwashwa na kuzimwa. Kisha akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Akakata.

Wa pili: kufungua faili kwenye kompyuta ya Besi bila Besi kujua. Nikalitia kwenye flashi, nikavuka barabara, nikagonga, nikasema namtafuta paka wetu. Hatuna paka. Besi, tofauti na nilivyotarajia, alipokea jambo hili kwa moyo mmoja. Akawasha tochi, akapiga magoti, akaanza kutafuta nyuma ya spika huku akiita kwa sauti ya kubembeleza. Nikachomeka flashi. Programu ya Besi ni ile ile yangu, lakini ni toleo la zamani, nalo likakataa faili langu waziwazi, likasema limetengenezwa na toleo jipya. Hata katika shida niliona fahari kidogo.

Besi akatoka nyuma ya spika, vumbi magotini, akaliona kwenye kioo chake jina la faili: Harusi ya Dada. Kisha akauliza paka anaitwaje. Nikasema anaitwa Paka. Akasema, kwa upole ulioniudhi, kwamba kama nimekwama yeye Jumamosi ndiye mwenye spika za ukumbini, na anaweza kumpigia Dada kinanda akiingia, bure, ujirani tu. Nikamwambia asante, King'ora hakwami. Nikachukua flashi yangu, na nilipofika mlangoni nikaita, "Paka, twende."

Sielewi kwa nini nilifanya hivyo.

Ijumaa, 8 Mei

Besi kamwambia Dada. Hakuwa na nia mbaya, kasema Dada, alitaka kujua wimbo gani aufanyie mazoezi.

Dada akaja mchana na fungu la madaftari ya wanafunzi wake. Anafundisha darasa la kwanza, na hata kesho akiwa bibi harusi, leo ana kazi ya kusahihisha. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda changu, akaweka madaftari mapajani, akaniambia nimweleze yote tangu mwanzo bila kupamba. Nikamweleza. Nilipofika kwenye plasta akasema mficha uchi hazai. Nilipofika kwa paka akafunika uso, mabega yakawa yanacheka.

Kisha akasoma ujumbe kwenye kioo. Akauliza King ni nani. Nikamfafanulia kuhusu heshima. Akaweka kalamu nyekundu chini.

"Mdogo wangu," akasema, "hujaitwa mfalme. Umekatwa jina."

Akafungua daftari mojawapo akanionyesha. Mtoto kaandika "Ngombe anakula." Akasema hilo ndilo kosa la darasa zima tangu shule ifunguliwe: wakifika kwenye ritifaa wanaiogopa, wanairuka. Na kompyuta yangu ni mwanafunzi mbovu kuliko wote, maana haiiruki, inasimama kabisa. Inasoma K, i, n, g, ikifika kwenye ritifaa inadhani jina limekwisha, inaanza kumtafuta mtu anayeitwa King. Na mtu huyo hayupo. Yupo King'ora, na King'ora amekaa pale pembeni chini ya plasta.

Nikabandua plasta. Nikalitazama jina. Siku zote hizi nilikuwa najivunia nusu ya jina langu.

Dada akasema dawa ni rahisi: nifungue akaunti nyingine isiyo na ritifaa, nihamishe faili, niweke programu humo. Nikakataa. Ni suala la msimamo. King'ora ni kitu kinacholia, watu wakapisha njia. Kingora ni nini? Si mtu, si kitu, hata mboga si. Nikamwambia msanii hapunguzwi jina kwa ajili ya mashine.

Hakubishana. Alisema tu kwamba kesho anataka kuingia na Bibi. Alilisema akitazama madaftari, si mimi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kukaukisha mate. Nikaandika: Kingora.

Mstari wa kijani ukatambaa. Ukafika pale pa zamani, ukapita. Ukajaa. Nikafungua faili. Kwanza ikasikika sufuria, halafu Bibi akikohoa, halafu Bibi akimwambia mtu asogeze kiti. Kisha akaanza kuimba. Mama akaja mlangoni akasimama na kitambaa cha vyombo. Dada alilia. Nami nililia, kwa nguvu, kama nilivyopewa jina. Mama akasema sasa ritifaa imerudi mahali pake.

Jumamosi, 9 Mei

Harusi. Nimevaa shati jeupe.

Sikuwahi kukata kikohozi. Nilikuwa nimepanga kukikata asubuhi, lakini asubuhi nilikuwa nachagua shati. Kwa hiyo milango ya ukumbi ilipofunguliwa nikabonyeza kitufe kwenye kompyuta yangu, na spika kubwa za Besi zikatoa sufuria, kisha kikohozi cha Bibi, kikubwa, kikajaa ukumbi mzima. Nikataka ardhi inimeze. Upande wa ndugu wote wakaangua kicheko, maana kikohozi kile hakuna asiyekijua. Bibi akasema msogeze kiti hapo, na mjomba mmoja wa nyuma, bila kufikiri, akasogeza kiti.

Dada akaingia. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Aliniambia baadaye kwamba kwenye kikohozi ndipo alipojua Bibi kafika kweli, na nikikigusa hatanisamehe. Nikamwambia ndiyo maana nilikiacha.

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika vizuri. Nilijua, kwa dakika zile, kwamba kazi hii ndiyo yangu na watu hawa ndio wangu. Hata Besi alikuja kunishika mkono, akasema wimbo umekaa. Akaniambia nimsalimie na paka. Kisha akainama kwenye kompyuta yangu, akasoma jina pembeni mwa kioo, polepole: Ki-ngo-ra. Akauliza ni dawa ya kifua?

Jumapili, 10 Mei

Nimelala vizuri, nimeamka vizuri. Mama kaniwekea chai bila kuombwa. Watu kadhaa walichukua namba yangu jana, akiwemo yule mjomba wa kiti. Nilipokuwa namhesabia Mama watu hao, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamshukuru. Ni vizuri mama akimsifu mwanawe.

Dada kapiga, yuko njiani na Shemeji. Anataka nimtumie wimbo, ampelekee Bibi ausikie kwa masikio yake, maana Bibi hajausikia hata mara moja. Upo ndani ya programu tu, sijatoa nakala, lakini hilo ni jambo la kubonyeza vitufe viwili. Nimemwambia ataupata kabla ya chai ya jioni.

Ila kuna jambo dogo la kutangulia. Nimelitazama neno Kingora kwenye kioo asubuhi nzima na limenikataa. Msanii aliyeutoa machozi ukumbi mzima hawezi kusomwa kama dawa ya kifua. Anahitaji jina jipya lenye uzito, linalosema yeye ni nani na amepitia nini wiki hii. Nimelipata nikiwa napiga mswaki: Mng'ang'anizi.

Naanza upya, safi. Faili nimeshazihamisha, akaunti ya Kingora nimeshaifuta. Programu inafutika sasa hivi ninavyoandika, kisha naiweka tena kwenye akaunti ya jina jipya. Kuhusu lile tatizo la Dada sina wasiwasi, nimelipigia hesabu. Safari hii ritifaa ziko mbili. Moja ikipotea, nyingine ipo.