Kichwa Namba Kumi na Saba Hakizimwi

Ijumaa, 8 Oktoba 1971

Habari mbaya. Bwana Haworth, msimamizi wetu wa uwanja wa mabehewa hapa Harthwaite, ametuita kibandani wakati wa chai. Jumanne anakuja mkaguzi. Vichwa viwili vya treni vya dizeli vya kupangia mabehewa ni vingi mno kwa uwanja mdogo kama huu, kwa hiyo kimoja kitaondoka. Hakusema kinakwenda wapi. Alitazama kikombe chake tu. Sote tunajua: kwenye vyuma chakavu.

Changu ni Kumi na Saba. Miaka kumi na moja nimekiendesha. Bado kina ile rangi ya kijani ya zamani, na asubuhi za baridi hakiwaki mpaka ukibembeleze. Norman Tattersall anaendesha Arobaini na Moja, ambacho kilipakwa buluu mpya mwezi wa sita. Alikunywa chai yake kama mtu aliye likizo. "Usikonde, Cyril," akaniambia. "Ukikosa kichwa, nitakupakia kwenye changu."

Sikuweza kula mkate wangu wa jibini.

Jumamosi, 9 Oktoba

Sikulala. Kila nikifumba macho namwona mkaguzi kasimama na kalamu yake, mimi nabonyeza kitufe, Kumi na Saba kinapiga chafya moja, halafu kimya.

Lakini wakati wa kunyoa nikapata wazo. Kichwa kisichozimwa hakiwezi kukataa kuwaka! Zamu ilipoisha saa nane mchana nikakiacha kinanguruma, nikamwambia Haworth betri zinahitaji chaji. Akaitikia bila kuinua macho. Rahisi namna hiyo.

Nyumba yetu iko nyuma ya uzio wa uwanja. Nimekaa jikoni nikisikiliza. Du-du-du-du. Raha tupu. Enid, mke wangu, akauliza ni nini kinachotikisa vikombe kabatini. Nikasema upepo.

Jumapili, 10 Oktoba

Ibada ya kushukuru mavuno. Sikujua ngurumo ya kichwa cha treni inaweza kupenya ukuta wa kanisa. Kasisi Pemberton alisoma sala kwa sauti ya muuza samaki. Katikati ya wimbo wa pili, boga kubwa la mzee Sugden likaanza kutembea polepole juu ya meza ya mavuno. Tukalitazama sote. Lilifika ukingoni, likaanguka, likapasuka. Kisha wote wakanitazama mimi.

Mama mkwe, anayekaa mlango wa pili kutoka kwetu, anasema meno yake ya bandia yalicheza usiku kucha ndani ya glasi. Enid akaniambia nikakizime. Ikabidi nimweleze habari za mkaguzi, na kwamba kichwa kikiondoka kazi yangu huenda ikaondoka nacho. Kisu cha viazi mkononi, akauliza kama tutahama. Tangu azaliwe hajawahi kukaa mbali na mama yake zaidi ya hatua thelathini. Nikamwahidi hatutahama. Kisu chake kikateleza kwenye kiazi. Labda ni ile ngurumo.

Sikukizima.

Jumatatu, 11 Oktoba

Norman amekipaka Arobaini na Moja nta mpaka kinang'aa kama kiatu cha askari. Nami nikachukua kitambaa nikasugua Kumi na Saba. Rangi ikatoka na kitambaa. Sasa mlangoni kuna kidoa cha kutu chenye umbo la kondoo. Norman akapita akamsifu kondoo.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi. Kinanguruma vizuri. Nikatazama geji ya mafuta. Siku tatu za kunguruma bure zimelimaliza tangi, na lori la mafuta haliji mpaka kesho!

Saa tatu wote waliingia kibandani kunywa chai. Nikachukua mpira wa kunyonyea mafuta na ndoo, nikaenda kwenye tangi la Arobaini na Moja. Nilikusudia ndoo mbili tu. Lakini nikiwa na wasiwasi sijui kuhesabu. Safari ya kwanza nilivuta kwa nguvu mno nikameza funda zima la dizeli. Safari ya saba au ya nane nikasikia mlango wa kibanda, nikakimbia.

Saa nne na nusu Norman alikuwa anavuta mabehewa ishirini na mawili ya makaa ya mawe. Yalipofika mahali reli inapokatiza barabara, Arobaini na Moja kikakohoa, kikanyamaza. Barabara ikaziba. Upande wa pili kulikuwa na gari la maziwa, mama mmoja na baiskeli yake, na gari jeusi dogo. Ndani ya gari jeusi: mkaguzi, Bwana Whitcombe, aliyechelewa.

Haworth akanipungia mkono. Nikaenda na Kumi na Saba, tukaunganisha, nikavuta vyote, mabehewa pamoja na Arobaini na Moja. Kilivuta kama maksai! Bwana Whitcombe alishuka garini kuangalia. Akaniuliza kama kinasumbua kuwaka asubuhi. "Hakijazimwa tangu Jumamosi, bwana," nikamwambia, "na hakijakohoa hata mara moja." Nikacheua dizeli. Akarudi nyuma hatua moja, akaandika sana.

Kisha akamuuliza Norman ilikuwaje. Norman alinitazama. Alitazama viatu vyangu, vilivyokuwa vinanuka kuliko tangi lenyewe. Halafu akamwambia mkaguzi kwamba alisahau kujaza mafuta, kosa ni lake.

Sikulitarajia hilo. Nimeshindwa kula tena.

Alhamisi, 14 Oktoba

Barua ya mkaguzi imefika. Haworth aliisoma mbele yetu. Kumi na Saba kimeonekana kuwa na nguvu za ajabu kwa umri wake. Hakuna kinachokwenda kwenye vyuma chakavu. Bandari ya Hull wanahitaji kichwa kinachoweza kufanya kazi mfululizo bila kuzimwa, na wamepewa changu. Arobaini na Moja, kwa kuwa hakiaminiki, kitabaki hapa kwenye kazi nyepesi.

Nami nichague: nikifuate Hull, au nibaki hapa nikitembea kwa miguu, kumfungia na kumfungulia Norman mabehewa.

Enid hakulia. Alikwenda kwa mama yake, akarudi baada ya saa moja, akasema Hull kuna upepo sana. Basi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Leo saa sita Norman alikuja na chipsi na samaki, mafungu mawili. Tukakaa juu ya ngazi ya Kumi na Saba. Akasema ameshaongea na Haworth: yeye ataendesha Arobaini na Moja asubuhi, mimi mchana. Haworth amekubali. Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Kwa sababu we mjinga, Cyril," akasema, "lakini Enid sina ugomvi naye. Ila mafuta yangu usiyaguse tena."

Enid alipopata habari alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo halijatokea tangu harusi.

Kazi ninayo. Nyumba ninayo. Mtu mwingine angelala usingizi mzito. Lakini nimekaa mezani tangu chai ya jioni nikifikiri. Hakuna mtu anayegawa nusu ya kichwa chake hivihivi. Norman ana jambo lake. Leo ananipa mchana, kesho anataka nini? Na je, akibadilisha mawazo?

Afadhali nimuwahi: akihamia Hull yeye, Arobaini na Moja kinabaki changu. Nimemwandikia Bwana Whitcombe barua ya heshima kwa jina la Norman, nikieleza jinsi mimi, yaani Norman, ninavyoipenda bahari tangu utotoni, na jinsi nitakavyofurahi kuhamia Hull haraka iwezekanavyo, pamoja na familia. Nimeipeleka mwenyewe mpaka kwenye sanduku la posta kabla ya mkusanyaji wa barua kupita. Nimemwona akiibeba.

Sasa roho yangu imetulia. Ila kuna jambo moja dogo linanisumbua. Sikumbuki kama pale chini, kwenye sahihi, niliweka jina lake au langu.