Kiitikio cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Wimbo wangu umeingia fainali ya taifa. Mshindi anakwenda ng'ambo, kwenye shindano la nyimbo la mataifa. Mimi kinyozi ndiye mtunzi, mke wangu mwimbaji. Wa kuogopwa ni mmoja tu: mwalimu wa muziki tunayemwita Tarumbeta. Kiitikio chake: "Shuka kitini, umekaa mno." Kanuni zinakataza siasa. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaniomba niweke wembe chini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka malalamiko kwa kamati ya shindano. Mke kauliza kwa nini nisimwache mwenzangu aimbe. Nikamwambia sanaa lazima ilindwe.

Jumatano, 5 Machi
Tarumbeta kaitwa. Kawaeleza kuwa wimbo unamhusu paka wake. Alikuja na paka. Kamati imeridhika. Ila kwa kuwa nimewaamsha, watapitia nyimbo zote upya, wakianza na wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Katibu wa kamati, mama mkavu kweli, kauliza kama kiitikio changu, "Njoo kwa Mikono Laini, nyuma ya benki, mpaka saa mbili usiku," ni mapenzi au tangazo la kinyozi. Nikasema mapenzi. Akauliza mbona mapenzi yanafungwa saa mbili usiku. Nimeambiwa nibadili kiitikio.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa imepatikana. Kiitikio kipya: "La, la, la." Hakina siasa, hakina biashara, hakina hata maneno. Nani atapinga?

Jumamosi, 8 Machi
Katibu kapinga. Anasema "la" ni hapana, na kumwimbia waziri, mgeni rasmi wa fainali, hapana usoni ni siasa. Nikajitetea kuwa ni sauti tu, kama ya kubembeleza mtoto. Akasema basi ni "lala", na kuwalaza watazamaji ni hujuma. Tumetolewa. Mke wangu kajifungia bafuni, kafungulia maji nisimsikie akilia. Nilimsikia. Nilisimama mlangoni mpaka maji yakafungwa.

Jumapili, 9 Machi
Mwimbaji wa Tarumbeta kakaukiwa sauti. Tarumbeta akaja kwetu, akamwomba mke wangu kwa adabu aimbe badala yake. Jioni, kwenye fainali, mke wangu kaimba mpaka ukumbi mzima ukasimama. Hata mimi machozi yalinitoka. Wameshinda.

Jumatatu, 10 Machi
Mke anapanga sanduku huku akiimba. Sijamwona na furaha hivi tangu tuoane. Mimi nasoma kanuni za huko ng'ambo. Jukwaani wasizidi watu sita. Nimewahesabu akina Tarumbeta kwenye picha ya gazeti: saba, pamoja na mke wangu. Kanuni ni kanuni. Nimemwomba kalamu. Kanipa bila kuuliza ya nini.