Ombi la Afisa wa Kura wa Kuninyoa Kisogo

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Tume ya Kura ya Maoni.

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuhesabu. Mimi ni kinyozi. Saluni yetu ina viti viwili: cha kushoto changu, cha kulia cha shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi nilipiga Ndiyo, yeye Hapana. Ndiyo ikashinda, na tangu hapo yamenikuta haya:

1. Wakubwa wa Ndiyo walituahidi kwamba Katiba mpya ikipita umeme hautakatika tena. Siku ya pili tu ulikatika, mashine yangu ikiwa katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu. Shemeji ana mkasi, lakini akasema yeye hamalizii kazi za Ndiyo. Mwalimu mkuu wa watu sasa anahutubia wanafunzi akiwa amesimama upande.

2. Wateja wa Hapana hawakalii kiti changu hata kwa dawa. Wa Ndiyo nao wamenuna nyumbani wakisubiri ahadi, hawanyoi. Yaani nimeshinda kura, nimekosa vichwa.

3. Shemeji ametundika pazia katikati ya saluni. Kioo kimeangukia kwake, bomba la maji kwangu. Yeye ananyoa vichwa vikavu, mimi nabahatisha.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kila Jumamosi tukifunga, yeye alikuwa akininyoa mimi, kisha mimi namnyoa yeye. Hakuna mkono mwingine unaokijua kisogo changu. Sasa kila mmoja wetu amefuga msitu, na binti yangu anaolewa Jumamosi hii. Amesema baba na mjomba tusipofika tumenyolewa na kusimama pamoja pichani, basi tusije kabisa. Mama yake amemuunga mkono. Hiyo ndiyo kura pekee iliyopita nyumbani kwetu bila kupingwa.

Kwa hiyo naomba Tume initumie afisa asiyeegemea upande wowote, anayejua kunyoa. Aje na mawakala wa pande zote mbili, wakihakiki kisogo, matokeo yatangazwe hapo hapo. Ikishindikana, kura irudiwe nchi nzima kabla ya Jumamosi, na safari hii watu wote wapige kitu kimoja, chochote kile.

Wasalimie makamishna, makarani, na yule dada aliyenipaka wino. Mwambie haujatoka.

Wako mtiifu,
Kinyozi wa kiti cha kushoto

Baada ya sahihi: Usishangae nywele ndani ya bahasha. Nilipokuwa natia sahihi, shemeji alisogeza pazia, akasimama nyuma yangu na kuanza kukata. Machozi yalinitoka, sikufichi. Kwa hiyo afisa asije, wala kura isirudiwe. Ila amefika katikati akasimama. Anataka nikiri kwamba Hapana ndiyo ilikuwa sahihi, nami nimekiri. Tafadhali ihamishe kura yangu na utujibu kwa maandishi upesi, maana hamalizi mpaka aone muhuri, na Jumamosi ni keshokutwa. Lakini ile ya Ndiyo usiitupe mbali. Akishamaliza, ni zamu yangu kumnyoa yeye.